Jina la Mtaa kama Mlango wa Somo: Kiswahili na Ufundishaji wa Jiografia Pembezoni mwa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu ufundishaji wa jiografia katika shule zilizo pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, hususan upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Majina hayo mawili tunayatumia kwa maana yake pana ya zamani, kabla ya wilaya za Ubungo na Kigamboni kumegwa kutoka humo katikati ya miaka ya 2010. Pale itakapolazimu, tutavuka mpaka na kuchukua mifano ya Ilala, kwa kuwa mito na mabonde hayafuati mipaka ya kiutawala.

Huenda msomaji akauliza: jiografia inahusiana nini na jarida la Kiswahili? Jibu letu ndilo hoja kuu ya makala haya. Tunashikilia kuwa sehemu kubwa ya uchovu wa wanafunzi katika somo la jiografia ni tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la vifaa. Somo huanza na maneno ambayo mwanafunzi hakuyakuta nyumbani, juu ya mahali ambapo hajapaona, ilhali Kiswahili anachokizungumza kila siku kimejaa maarifa ya kijiografia: majina ya mitaa, majina ya pepo, hesabu ya saa, majira ya mvua na mienendo ya maji ya bahari. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi hugundua kuwa tayari anajua jambo, na anayejua jambo hutaka kujua la pili.

Katika sehemu ya pili tutaeleza tatizo lenyewe. Sehemu ya tatu itachambua jiografia iliyomo katika lugha. Sehemu ya nne itatoa mfano wa vipindi vinne ambavyo mwalimu anaweza kuvifundisha bila gharama kubwa. Sehemu ya tano itataja mipaka ya njia hii, kwa sababu inayo mipaka.

2.0 Tatizo: Jiografia ya Mahali Pengine

Kwa miaka mingi bonde la Mto Tennessee la Marekani limekuwa mfano mashuhuri katika masomo ya jiografia ya sekondari kuhusu udhibiti wa mito. Hatusemi kuwa mfano huo haufai. Elimu isiyovuka mpaka wa kijiji ni elimu kilema. Lakini tumfikirie mwanafunzi wa Tandale ambaye anaweza kuorodhesha faida za mabwawa ya Tennessee, na hawezi kusema mfereji unaopita nyuma ya darasa lake unapeleka maji wapi. Maji hayo huingia Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe huungana na Mto Msimbazi. Msimbazi nao huanzia katika vilima vya Pugu, hushuka kilometa zipatazo 35, hupita Jangwani na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Bonde hilo halimo katika daftari lake.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mnamo Desemba 2011, katika msimu wa vuli, Dar es Salaam ilinyeshewa na mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa haijapata kuonekana jijini tangu 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Mafuriko mengine makubwa yalifuata Aprili 2014 na Aprili 2018. Watoto waliokuwa madarasani miaka hiyo walikuwa wakifundishwa juu ya mito. Swali la kuuliza ni kama somo walilofundishwa lilikuwa na uhusiano wowote na maji yaliyoingia vyumbani mwao.

Tatizo la pili ni la mpito wa lugha. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ambapo sekondari Kiingereza kimeendelea kutumika. Mtoto huyajua maneno kama mmomonyoko, mwinuko, uoto na mkondo kwa miaka yote ya shule ya msingi, kisha katika Kidato cha Kwanza huyakuta yamevaa mavazi mapya. Kama maneno hayo aliyakariri tu bila kuyafungamanisha na kitu alichokishika au kukiona, hapo huyapoteza yote mawili, la zamani na jipya. Kama aliyapata kwa macho na mikono, neno jipya litakuwa jina la pili la kitu anachokijua. Kwa hiyo kufundisha jiografia vizuri kwa Kiswahili ni kumwandalia mwanafunzi njia ya sekondari, si kumchelewesha.

Tatizo la tatu linatuhusu sisi wanalugha moja kwa moja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa 1964 na ambayo tangu 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, zimefanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi. Hata hivyo, istilahi ikifika darasani ikiwa orodha ya kukariri, hupoteza uhai. Tuchukue neno tabianchi. Mwanafunzi aghalabu hulichanganya na hali ya hewa. Mwalimu akisema kwamba hali ya hewa ndiyo inayomfanya mama abebe mwavuli leo, na tabianchi ndiyo inayotufanya tuwe na neno masika na neno vuli katika lugha yetu, tofauti hiyo haitasahaulika. Neno masika lisingekuwapo kama mvua hizo hazirudi kila mwaka kati ya Machi na Mei.

3.0 Jiografia Iliyomo katika Lugha

3.1 Majina ya mahali

Majina ya mitaa ya Dar es Salaam yanaweza kugawanywa katika mafungu kadhaa. Fungu la kwanza ni majina ya uoto. Mikocheni ni mahali pa mikoche, Mchikichini ni penye mchikichi, Mivinjeni ni penye mivinje, Mianzini ni penye mianzi, na Miburani ya Temeke ni penye mibura, miti izaayo mabura. Mabibo hutukumbusha mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Mwembeyanga hubeba jina la mwembe. Mwanafunzi akiyapanga majina haya katika ramani, atakuwa amechora uoto wa zamani wa mji ambao sasa umejaa saruji na mabati. Kisha atauliza, bila kuambiwa na mwalimu: miti hiyo ilikwenda wapi?

Fungu la pili ni majina ya maji na sura ya nchi. Mtoni, upande wa Temeke, hutaja mto waziwazi. Hapo ndipo ulipo Mto Kizinga, ambao pamoja na Mto Mzinga hupeleka maji katika hori la bandari. Kijitonyama, upande wa Kinondoni, huanza na neno kijito. Majina haya ni ushahidi kwamba waliotangulia waliyaona maji kuwa alama kuu ya mahali hapo.

Fungu la tatu ni majina ya kazi na matukio. Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina la kigeni la kikosi hicho lilitamkwa Kiswahili hadi likawa letu. Ubungo Maziwa, Tabata Relini na Kimara Mwisho ni majina ya vituo yaliyozaliwa na kiwanda, reli na safari za mabasi. Tabata Dampo hubeba historia ya taka za jiji: mwaka 1988 wakazi walifungua kesi katika Mahakama Kuu wakipinga jiji kutupa taka karibu na makazi yao, wakashinda. Dampo liliondoka na jina likabaki. Mwalimu anayetaka kufundisha mazingira ya mijini hahitaji mfano bora kuliko huo.

Yapo pia majina yanayoonekana kujipinga, na hayo ndiyo yenye faida kubwa darasani. Kamusi humwambia mwanafunzi kuwa jangwa ni mahali pasipo maji wala mimea. Macho yake humwambia kuwa Jangwani ndipo barabara hufungwa kwa mafuriko. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Na aliache darasa lipendekeze maelezo na kuyapima. Je, jangwa hapa ni uwanda mtupu, usio na miti wala nyumba? Kama ndivyo, kwa nini watu wa zamani waliuacha mtupu? Swali hilo la pili ndilo moyo wa somo, kwa sababu linampeleka mwanafunzi kwenye dhana ya uwanda wa mafuriko kwa miguu yake mwenyewe.

3.2 Pepo na pande za dunia

Mtoto wa pwani hufundishwa pande nne za dunia kama maneno manne ya kukariri. Lakini maneno hayo yana maelezo ndani yake. Kaskazini ni kaskazi pamoja na kiambishi cha mahali: ni upande utokako upepo wa kaskazi, uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusini ni upande utokako kusi, uvumao kwa nguvu katikati ya mwaka. Mashariki na magharibi yametokana na Kiarabu, na asili yake ni kuchomoza na kuzama kwa jua. Kila mtoto wa Dar es Salaam, awe Mwislamu au Mkristo, amekwisha kusikia adhana ya magharibi jua linapotua.

Kwa hiyo dira ya Mswahili ina upepo katika mhimili mmoja na jua katika mhimili mwingine. Hapo mwalimu anaweza kueleza mfumo mzima wa pepo za msimu katika Bahari ya Hindi: nchi kavu ya Asia inavyopoa na kupata joto kwa kupishana na bahari, na kugeuza mwelekeo wa upepo mara mbili kwa mwaka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Biashara iliyoleta maneno mashariki na magharibi katika lugha yetu iliendeshwa na pepo zilizoipa lugha hiyo maneno kaskazini na kusini.

3.3 Saa

Wageni wengi hushangaa kwamba tunaposema saa moja asubuhi, saa zao husoma saba. Mara nyingi sisi wenyewe hulieleza jambo hili kana kwamba ni desturi isiyo na sababu. Sababu ipo, nayo ni ya kijiografia. Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana hapa, kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka, hautofautiani hata kwa saa moja. Jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo ni busara kuanza kuhesabu hapo. London mchana wa Juni hukaribia saa 17, na wa Desemba hupungua chini ya saa 8. Huko hesabu yetu isingedumu hata mwezi mmoja. Mwanafunzi akielewa hili, ameelewa mwinamo wa mhimili wa dunia na maana ya latitudo, tena kwa kutazama saa ya ukutani.

3.4 Maji ya bahari

Wavuvi wa Kunduchi na Msasani wana msamiati kamili wa maji kujaa na kupwa. Bamvua ni maji makuu, yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huwa katikati ya vipindi hivyo. Wakati wa bamvua, tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika pwani yetu hukaribia au kupita meta 3. Jambo hili lina uzito kwa wakazi wa mabondeni pia. Mvua kubwa ikinyesha juu wakati bahari imejaa, maji ya mto hayapati njia ya kutoka upesi. Mwanafunzi wa Hananasif aliye mbali na mashua ya mvuvi ana sababu ya kulijua neno bamvua.

4.0 Mfano wa Vipindi Vinne

Vipindi vifuatavyo vinaweza kufundishwa katika wiki mbili. Vimefikiriwa kwa darasa kubwa, ambapo wanafunzi hugawanywa katika vikundi vya watu sita hadi wanane, kila kikundi kikiwa na mwandishi wake.

4.1 Kipindi cha kwanza: kukusanya majina

Mwalimu huwaomba wanafunzi wataje vituo vyote vya daladala kutoka shuleni hadi sokoni, Kariakoo au Tandika. Hakuna mwanafunzi atakayekosa la kusema; hata yule anayekaa nyuma kwa kuogopa kuulizwa atakuwa hodari hapa. Majina huandikwa ubaoni, kisha kila kikundi huyapanga katika mafungu: uoto, maji, sura ya nchi, kazi, matukio, majina ya watu, na fungu la majina yasiyojulikana asili yake. Fungu hili la mwisho lisionewe haya. Ndilo linalozaa kazi ya kipindi cha pili.

4.2 Kipindi cha pili: kumwendea mzee

Kila kikundi huchagua jina moja na kumtafuta mzee aliyekaa mtaani kwa muda mrefu. Adabu ya kuuliza ni sehemu ya somo. Mtoto asimwendee mzee na karatasi mkononi kama karani wa kodi. Aanze kwa shikamoo, asubiri marahaba, ajitambulishe yeye ni mtoto wa nani na anasoma wapi, ndipo aombe: "Bibi, tumetumwa na mwalimu tujifunze habari za mtaa wetu. Tunaomba utusaidie kidogo." Bibi aliyeheshimiwa atasimulia zaidi ya alichoulizwa.

Maswali matatu yanatosha: Ulipohamia hapa palikuwaje? Jina hili mlilikuta au mlilianzisha? Mvua kubwa zikinyesha, maji yalifika wapi? Kwa swali la tatu wanafunzi waoneshe kwa miili yao: kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua. Kipimo hiki kila mtu anacho, na darasani kinaweza kugeuzwa kuwa sentimeta.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa jijini kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi walishirikiana kuichora ramani ya Tandale. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, kuchora mitaa, mifereji na maeneo ya mafuriko katika kata nyingi. Ramani hizo zipo wazi kwa umma. Wanafunzi wa shule wakiambiwa kwamba kaka na dada zao waliianza kazi hii kwa kupita uchochoroni na kuuliza, wataona kuwa ramani haishuki kutoka mbinguni.

4.3 Kipindi cha tatu: ramani na skeli

Wanafunzi wengi huogopa skeli kwa sababu hufundishwa kama hesabu isiyo na mahali. Mwalimu na aanze na uwanja wa shule. Kikundi kimoja kiupime kwa hatua, kingine kwa kamba ya meta 10, na matokeo yalinganishwe. Kisha waende kwenye ramani ya 1:50,000, ambayo sentimeta moja ni nusu kilometa. Barabara ya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, ambayo huduma yake ilianza 2016, ina urefu wa karibu kilometa 16. Katika ramani hiyo itakuwa sentimeta 32. Mwanafunzi aliyesimama ndani ya basi hilo asubuhi ataushika urefu huo kwa rula na hatausahau.

Baada ya hapo, kila kikundi huchora ramani ya mtaa wake na kuweka juu yake majina, njia za maji na vimo vya mafuriko walivyoambiwa na wazee. Rangi ziwe chache: buluu kwa maji ya kila siku, nyekundu kwa maji ya mafuriko. Mara nyingi jina lenye maji na rangi nyekundu vitakutana. Pale visipokutana, darasa liulize kwa nini.

4.4 Kipindi cha nne: kupima mvua na jua

Kipima mvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka. Sehemu ya juu hukatwa na kugeuzwa iwe faneli, na rula hutumika kusoma kimo cha maji. Kanuni ya kukumbuka ni moja: milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye meta 8 kwa 6 lina meta za mraba 48. Mvua ya milimeta 50 itaangusha juu yake lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita 20. Wanafunzi wanaojua uzito wa ndoo moja kichwani wataelewa papo hapo. Halafu waulizwe: kama udongo ungekuwa wazi, sehemu ya maji hayo ingezama ardhini, je, juu ya bati na saruji yatakwenda wapi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 watu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka katika miaka 10, na kila familia huhitaji paa. Hapo mwanafunzi ataona kuwa mafuriko hayaletwi na mawingu peke yake.

Kwa upande wa jua, fimbo ya meta moja husimikwa uwanjani, na ncha ya kivuli huwekwa alama kila baada ya dakika 10, kuanzia saa 5:45 hadi saa 7:00 mchana. Kivuli kifupi kabisa hulala katika mstari wa kaskazini na kusini. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba, kwa wastani, hakitokei saa sita kamili bali dakika 23 hivi baadaye, na kwamba dakika hizo hupungua au kuongezeka kidogo kwa kufuata miezi. Sababu ni kuwa saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, inayopita Somalia na Madagaska, ilhali Dar es Salaam ipo karibu na digrii 39, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii. Zoezi likirudiwa Juni na Desemba, kivuli cha adhuhuri kitaelekea kusini mara ya kwanza na kaskazini mara ya pili. Mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba kitakaribia kutoweka kabisa.

5.0 Mipaka ya Njia Hii

Hatari ya kwanza ni kuyaamini majina kupita kiasi. Simulizi za asili ya majina huvutia, na kwa sababu hiyo hudanganya. Mfano ni jina la jiji lenyewe. Wengi husimulia kuwa Dar es Salaam ni Bandari Salama. Lakini neno la kwanza la jina hilo ni dar la Kiarabu, lenye maana ya nyumba au makao. Bandari ni neno jingine kabisa. Jina lilitolewa katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Unguja alipoanzisha mji karibu na kijiji cha Mzizima. Mwalimu asiizime simulizi ya Bandari Salama kwa dharau, kwani inaonesha jinsi watu walivyoiona bandari yao. Aioneshe tu kuwa simulizi ni ushahidi wa aina moja, na umbo la neno, maandishi na ardhi yenyewe ni ushahidi wa aina nyingine. Mwanafunzi anayejifunza kupima ushahidi amejifunza jiografia na isimu kwa pamoja.

Hatari ya pili ni usalama. Safari ya mtoni ifanywe wakati wa kiangazi, na wanafunzi wasiruhusiwe kuingia majini, kwa sababu mito ya jiji hubeba taka za viwandani na za majumbani. Wakati wa masika kazi ifanyike ukumbini kwa ramani.

Hatari ya tatu ni kumsahau mtoto ambaye wazazi wake wamehamia juzi kutoka Lindi, Kigoma au Mwanza na hana mzee wa kumuuliza mtaani. Mtoto huyu asiwe mtazamaji. Na aulizwe majina ya huko kwao yana maana gani katika lugha ya wazazi wake. Jiji hili limejengwa na wahamiaji, na ulinganisho wake utaliongezea darasa mwanga.

Hatimaye, mwalimu atauliza juu ya mitihani. Swali lake ni la haki. Mtihani hauulizi asili ya jina la Miburani. Lakini unauliza skeli, pande za dunia, aina za mvua, mmomonyoko na ongezeko la watu mijini. Yote hayo yamo katika vipindi vinne tulivyovieleza. Njia hii haibadilishi muhtasari wa somo. Inabadilisha mahali pa kuanzia. Mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika 2024 umelipa somo jina la Jiografia na Mazingira. Mazingira hayo, kwa mtoto wa Mbagala, ni Mbagala kwanza.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kuwa Kiswahili si chombo cha kupokelea jiografia iliyotungwa kwingine tu, bali kimehifadhi jiografia yake: katika majina ya mitaa, katika kaskazi na kusi, katika saa na katika bamvua. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vya ualimu viwape walimu wa jiografia mafunzo mafupi ya maana na maumbo ya majina ya mahali. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwashirikishe wanafunzi wa shule katika kukusanya majina ya mitaa na vijito vya Kinondoni na Temeke, pamoja na habari zake, kabla wazee wanaozijua hawajatutoka na kabla vijito vyenyewe havijafunikwa kwa zege. Orodha hizo zirudishwe shuleni zilikotoka.

Masika hurudi kila mwaka. Mtoto anayejua kwa nini mtaa wake unaitwa Mtoni, na aliyekwisha kuchora kwa rangi nyekundu mahali maji yalipofika enzi za bibi yake, atakuwa na la kuwaambia wazazi wake siku wanapotafuta kiwanja cha kujenga.